Fahamu: Kamati za uchunguzi na bajeti za halmashauri

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000 ilizileta Uingereza kamati za uchunguzi: madiwani walio nje ya uongozi wa halmashauri, wenye haki ya kuwaita wakubwa na kuwahoji. Bajeti hawaibadilishi, kura ni ya baraza zima. Basi ni pambo tu? Huwa pambo rasimu inapowafikia Januari, ilhali kodi ya mwaka unaoanza Aprili 1 lazima ipangwe kabla ya Machi 11. Dawa ni kuwashirikisha mapema. Matatizo hayazuki Januari: halmashauri ya Birmingham ilipokiri Septemba 2023 kwamba haimudu matumizi yake, madai ya wanawake ya malipo sawa yalikuwa yamelimbikizwa miaka mingi. Swali kavu, “Fedha zitatoka wapi?”, likiulizwa hadharani Oktoba, kabla rasimu haijakamilika, humpa mhasibu upenyo wa kusema asichotaka kusikia bosi wake.