Bei ya koti jeupe

Ukitoka Soko la Kariakoo, ukapita Fire na kuifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, utafika Muhimbili kwa miguu. Ni mwendo mfupi. Lakini kijana wa Kariakoo anayetaka kuingia pale akiwa daktari, safari yake ni ya miaka mingi. Wiki hii tuihesabu safari hiyo, maana wazazi wengi huwatamania watoto wao koti jeupe bila kuuliza bei yake.

Tuanze na muda. Kijana aliyefaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita husomea shahada ya udaktari kwa miaka 5. Kisha hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi, kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Akitaka kuwa bingwa, tuseme wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto, hurudi masomoni kwa miaka 3 au zaidi. Hiyo ni miaka 9, bila kuhesabu ile ya kungojea ajira. Mwenzake waliyecheza naye chandimu, aliyeanza na meza ya viatu Mtaa wa Kongo, huenda kwa muda huo ameshapata fremu, ameoa na anasomesha wadogo zake. Mwanafunzi wa udaktari bado anaomba nauli nyumbani.

Pili ni zamu. Ugonjwa haujui Idi wala Krismasi. Harusi ya dada itafanyika naye yuko wodini. Msiba utatokea kwao, na atafika watu wameshatoka makaburini. Ndugu watanung'unika kwamba anajivuna, kumbe hakuwa na wa kumwachia wagonjwa.

Tatu, na hili husahaulika, ni uhuru wa mtu kuchagua aishi wapi na afanye nini. Tuna mfano wa hapa hapa mjini. Mwaka 1950 Dk. Vedast Kyaruzi alikuwa rais wa TAA, chama kilichozaa TANU mwaka 1954. Katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes, na ofisi ilikuwa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba. Dk. Kyaruzi alisomea udaktari Makerere, Uganda, kwani Tanganyika haikuwa na chuo cha kufundishia madaktari. Alikuwa pia mtumishi wa serikali ya kikoloni, na serikali ikamhamishia Kingolwira, Morogoro, na baadaye Nzega. Wanahistoria wanauona uhamisho huo kuwa njia ya kumweka mbali na siasa za Dar es Salaam. Wagonjwa wa huko walipata daktari, lakini chama kikakosa rais wake. Mwaka 1953 uongozi ulishikwa na mwalimu wa shule, Julius Nyerere.

Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, kwa hiyo kijana halazimiki tena kwenda Kampala. Barua ya uhamisho, hata hivyo, haijafutwa. Daktari aliyezaliwa Gerezani anaweza kupangiwa wilaya ya mbali, mke akabaki mjini na kazi yake, watoto wakamjua baba kwa simu.

Je, tuwakataze watoto wetu udaktari? Hasha! Nani basi atatutibu? Tunachosema ni kwamba mzazi akae na mwanawe, amweleze hesabu yote, kisha amwachie achague mwenyewe. Anayesukumwa kwa sifa za mtaani huchoka njiani, na mchovu wa namna hiyo ni hatari kwa mgonjwa. Aliyechagua mwenyewe naye asiachwe peke yake. Familia isianze kumdai nyumba mwaka wa kwanza wa mshahara.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Kwa daktari, mbivu hizo tunazila sote, ila kuvumilia tunamwachia yeye na watu wa nyumbani kwake. Tukilikumbuka hilo tutakapokuwa kwenye foleni, hata salamu yetu kwake itabadilika.

Hadi juma lijalo, kwaherini.