Maji ya Kendwa na Homoni ya Moyo

Ufukwe wa Kendwa, Zanzibar, si kama wa Paje au Jambiani. Maji yakipwa, bahari haiendi mbali, mtu anaoga saa yoyote apendayo. Na aliyekaa humo maji yakimfika shingoni kwa muda anaijua ile haja ndogo inayombana ingawa hajanywa kitu. Wengi husingizia baridi, japo maji ya huku yana uvuguvugu karibu mwaka mzima. Mhusika mmojawapo ni moyo.

Maji huibana miguu na tumbo, damu ikasukumwa kifuani, na vyumba vya juu vya moyo vikajaa na kutanuka. Misuli yake ikivutika humwaga kwenye damu homoni iitwayo ANP, peptidi fupi yenye amino asidi 28. Figo zikiipata hutoa chumvi na maji. (Ubongo nao husaidia, kwa kupunguza homoni inayozuia mkojo.) Mwaka 1981 Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Kingston, Kanada, alitangaza pamoja na wenzake kwamba panya waliodungwa dondoo la vyumba hivyo walikojoa maji na chumvi kwa wingi. Moyo, uliohesabiwa pampu tu, ukawa tezi pia.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba homoni hiyo huurudia moyo wenyewe na kuugusa umeme wake. Kila pigo huanza kwa sodiamu, kalsiamu na potasiamu kupita kwenye kuta za seli, kisha seli hupumzika kidogo kabla ya kupokea umeme mwingine. Pumziko hilo ndilo linalolinda mpangilio wa mapigo.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walieleza habari za ukoo uliosumbuliwa na mapigo ya ovyo ya vyumba vya juu, maradhi yanayoweza kugandisha damu na kuleta kiharusi. Kosa la jeni lilikuwa limeirefusha ANP yao hadi amino asidi 40. Mioyo ya panya ilipopitishiwa homoni hiyo, muda wa umeme kwenye seli ulifupika, pumziko nalo likapungua, umeme ukapata mwanya wa kuzunguka bila utaratibu.

ANP ya kawaida hupungua nusu katika damu kwa dakika chache tu, hivyo muogaji wa Kendwa akishatoka majini haimkalii. Ile ndefu ni ngumu kuvunjwavunjwa, na kwenye damu ya wanaukoo ilikutwa kwa kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko ile ya kawaida.