Goma: Kurudisha uzuri wa ndani ya gari bila kulipa mara mbili

Katika mji wa Goma, abiria anayesimamisha teksi huona kwanza rangi ya nje, lakini akishaketi ndipo anaijua gari yenyewe. Kitambaa cha plafon kimeshuka mpaka kinagusa kichwa, tablo ya mbele imepasuka kwa jua, plastiki ya mlango imekwaruzwa na mizigo, na vumbi nyeusi ya volkeno imejificha katika kila pembe. Injini inaweza kuwa nzima kabisa. Hata hivyo mnunuzi akifungua mlango na kukuta hali hiyo anashusha bei palepale, na mteja wa safari ndefu anatafuta gari nyingine.

Magari mengi yanayotembea Goma, Bukavu na Butembo yalifika yakiwa yametumika miaka mingi Japani, yakapitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, na mengi bado yana volani upande wa kuume. Corolla, Carina, RAV4, Noah, Ist: ni magari yaliyokula jua la nchi mbili. Kununua nyingine si jambo jepesi, zaidi kwa mkaaji wa Goma, ambako benki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025 vita ilipofika mjini. Ndiyo sababu wenye magari wengi wanaamua kutengeneza sehemu ya ndani. Uamuzi huo ni mzuri. Tatizo ni namna kazi inavyofanywa mara nyingi: rangi inapakwa leo, na kabla ya mwezi kuisha inaanza kubanduka pale hasa kiwiko cha dereva kinapoegemea. Pesa imekwenda, na sasa plastiki ni mbaya kuliko mwanzo.

Mara nyingi kosa si la rangi. Liko chini yake.

Adui wa kwanza ni ile dawa ya kung'arisha tablo inayouzwa barabarani. Nyingi kati ya hizo zina mafuta ya silikoni. Yanaingia katika vishimo vidogo vya plastiki na kukaa humo, na rangi ikipulizwa juu yake inakimbia, inaacha matundu ya mviringo kama macho ya samaki. Kuosha mara moja kwa sabuni hakutoshi. Kwanza ni maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini. Kisha kitambaa chenye maji safi. Halafu alkoli ya duka la dawa kwa kitambaa cheupe, kubadilisha na kurudia mpaka kitambaa kitoke bila alama. Alkoli hiyo ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwa maana inaweza kuyeyusha rangi ya zamani. Na vumbi ya Goma isipanguswe kwa kitambaa kikavu kamwe. Ni mawe ya volkeno yaliyosagwa, na yanakwaruza plastiki kama msasa. Itolewe kwanza kwa brashi au kwa mashine ya kuvuta vumbi.

Adui wa pili anajulikana na wachache, ingawa jina lake limeandikwa ndani ya gari. Kipande cha plastiki kikifunguliwa na kugeuzwa, mara nyingi nyuma yake kuna herufi kati ya alama mbili kama mishale: >ABS<, >PP<, >PVC<. Herufi hizo zinaeleza aina ya plastiki. ABS, ambayo hupatikana mara nyingi kuzunguka redio na vifungo vya vioo, inashika rangi vizuri ikisafishwa na kusuguliwa. PP ni jambo lingine. Ni ndugu wa karibu wa plastiki ya bidon ya njano ya maji, na kila familia inajua jinsi jina lililoandikwa kwa rangi juu ya bidon linavyobanduka baada ya siku chache. Milango na nguzo za ndani za magari mengi zimetengenezwa kwa PP. Kuipaka rangi moja kwa moja ni kuandika jina juu ya bidon.

Dawa yake ipo: ni apre ya plastiki, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, ambayo mara nyingi haina rangi yoyote kama maji. Si kila apre inafaa. Kwenye kopo lazima paandikwe wazi kwamba inashika PP, au polypropylène kama inavyoandikwa kwa Kifaransa. Muuzaji akisema kwamba apre ya bodi ya chuma inafanya kazi ileile, mwenye gari aende duka la pili. Kopo hilo moja ndilo wengi wanaliacha ili kupunguza gharama, na ndilo linaloamua kama kazi itadumu.

Kabla ya apre kuna kusugua. Kipande laini kinasuguliwa kwa msasa wa 400 na kumalizwa na 600, pamoja na maji. Kipande chenye mikunjo kama ya ngozi hakiguswi kwa msasa, kwa kuwa mikunjo ikiliwa hairudi. Hapo inatumika sponji laini ya kusugulia, kwa mkono mwepesi. Mafundi wengine huosha plastiki kwa esansi ili kufupisha kazi. Ni tabia mbaya. Esansi inaharibu plastiki, inaacha harufu ndani kwa siku nyingi, moshi wake ni sumu kwa anayeuvuta, na cheche moja ya batri inatosha kuteketeza gari nzima. Mazutu haiwaki haraka hivyo, lakini inaacha mafuta, na rangi haipendi mafuta.

Vipande vyote vifunguliwe na kupakwa nje ya gari, mahali penye hewa na pasipo upepo wa vumbi. Kupuliza rangi ndani ya gari huku vioo vimefunikwa kwa magazeti kunaonekana rahisi, lakini fundi anavuta sumu na rangi inatua juu ya viti. Matabaka mawili au matatu membamba, dakika kama 10 kati ya moja na lingine, ni bora kuliko tabaka moja zito linalotiririka. Kopo la mililita 400 linatosha sehemu ya katikati na vishikio vya milango, si tablo nzima. Rangi ya juu ya tablo isiwe ya kung'aa. Wengi wanapenda mng'ao, lakini jua likipiga tablo inayong'aa linarudi kwenye kioo cha mbele, na dereva haoni mtoto anayevuka. Nyeusi au kijivu isiyong'aa ndiyo rangi ya kazi.

Ile vanishi ya magari inayochanganywa na dawa ya kuigandisha inafaa kuachwa kabisa na mtu asiye na vifaa. Ndani yake mna isosianeti, kemikali inayoweza kumletea fundi pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Kwa vipande vya ndani haihitajiki.

Kuna sehemu moja ambayo haifai kujaribiwa kwa bei rahisi. Pale palipoandikwa SRS AIRBAG, katikati ya volani na upande wa abiria juu ya tablo, pana mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali kwa kupasua kifuniko chake. Kifuniko hicho hakipakwi masitike, hakibandikwi zulia, hakishonewi simili. Na kabla ya kufungua chochote karibu na hapo, waya wa minus wa batri utolewe, kisha kungojea angalau sekunde 90. Ndivyo vitabu vya Toyota vinavyoagiza. Viti vyenye maandishi hayo ubavuni navyo visivikwe kitambaa kinachofunga ubavu huo.

Kuhusu tablo iliyopasuka, ukweli ni kwamba masitike ya bodi haifai. Inakuwa ngumu wakati tablo inavimba na kunywea kwa joto, na ufa unarudi palepale. Kifuniko cha zulia kilichokatwa kwa kipimo, chenye kuacha wazi nafasi ya airbag na matundu ya hewa, kinaficha ufa na kuzuia jua lisiendelee. Kuna pia tablo zinazonata kama gundi. Hilo si uchafu, ni ngozi ya juu iliyoharibiwa na joto na unyevu. Hata Marekani Toyota ililazimika kubadilishia wateja tablo za aina kadhaa za magari yake kwa sababu hiyo. Kuipaka rangi inaponata ni kupoteza rangi.

Plafon ndiyo inayodanganya watu zaidi. Kitambaa kikishuka, wengi hupiga pini au kurudisha kitambaa kilekile kwa gundi ya viatu. Baada ya juma kimeshuka tena, na gundi imeacha madoa. Sababu ni kwamba kati ya kitambaa na ubao kuna sponji nyembamba, na sponji hiyo ndiyo iliyooza na kuwa unga. Gundi inashika unga, na unga haushiki kitu. Kazi ya kweli ni kuteremsha ubao wote kupitia mlango wa nyuma, kukwangua sponji ya zamani kwa brashi ngumu mpaka ubao uwe safi, na kubandika kitambaa kipya chenye sponji yake mgongoni. Gundi iwe ya kustahimili joto, ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka isinate kidoleni, kisha kitambaa kilazwe kuanzia katikati kwenda pembeni. Watu wawili wanahitajika, kwa sababu ubao ukikunjwa unavunjika. Ni kazi ya mchana mmoja, na ndiyo inayobadilisha sura ya gari kuliko rangi yoyote.

Kwa viti, simili inafuta matope kwa kitambaa kimoja lakini inachoma mgongo jua likiwaka. Kitenge kizito kilichoshonwa na fundi wa nguo kinanyonya jasho, kinavuliwa na kuoshwa, na kinagharimu kidogo. Teksi ya kutwa inafaa iwe na seti mbili, moja ikiwa kwenye kamba.

Anayetaka mabadiliko bila rangi anaweza kutumia karatasi ya kubandika yenye mfano wa mbao au kaboni, ikilainishwa kwa mashine ya kukausha nywele. Kwenye vipande bapa inapendeza. Kwenye vyenye kona nyingi inafunguka pembeni, na mikono ya abiria inamalizia kazi.

Gharama kubwa, kwa dereva wa teksi, haiko dukani. Rangi inahitaji karibu siku nzima ili ikauke vizuri, na gari isiyotoka haileti versement. Wengi hufungua vipande siku ya posho jioni, wanavipaka siku ya yenga asubuhi na kuvirudisha kesho yake alfajiri, mlango mmoja mmoja kwa majuma kadhaa. Na kwa kuwa mara nyingi gari si ya dereva, jambo moja linafaa kusemwa kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa: nani analipa makopo, na versement ya siku ya plafon inahesabiwa namna gani.