Wakala wa bima, wewe umejikatia?

Msomaji, huenda umepita miaka 45, umeachishwa kazi au umechoka na mshahara usiotosha, na sasa wataka kuwa wakala wa bima. Umri si kizuizi. Utasomea cheti cha uwakala, upate leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kisha uanze kusaka wateja.

Lakini mawakala wengi hulipwa kwa kamisheni: usipouza, hakuna pesa. Wasiwasi huo hufukuza usingizi, na kwa mtu wa makamo presha yaweza kuwa juu bila dalili yoyote. Ikipimwa mara kadhaa na kupatikana 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji daktari. Kapimwe presha na sukari kabla hujaandika barua ya kujiuzulu, maadamu bima ya mwajiri ingali inakulipia.

Kwa kawaida bima hiyo hukoma unapoondoka. Ukitafuta nyingine tayari una kisukari, kampuni yaweza kukutoza zaidi au kukungojesha miezi kadhaa. Hata mchango wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hautakatwa tena kwenye mshahara. Utalipa mwenyewe asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yako, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena ya mwaka mzima kwa mkupuo. Itenge kutoka malipo yako ya mwisho.

Kule kutembea ofisi hadi ofisi ni dawa nzuri, mradi chakula chako cha mchana kisiwe soda na mandazi.