Pumzisha shamba la moyo wako



Mpendwa msomaji, leo naanza na swali la mama mmoja aliyenisubiri nje ya kanisa katika kigango kimoja huku kwetu Kondoa. Alingoja watu watawanyike, ndipo akasogea. "Baba," akaniambia, "kila mara unatuhimiza tukae kimya na Mungu. Nimejaribu mwezi mzima. Nikinyamaza sisikii kitu, zaidi ya deni la ada na maneno ya wifi yangu. Nakosea wapi?"

Nilimjibu haraka haraka, kama tunavyojibu mapadre wenye Misa nyingine mbele yetu. Nikamwambia avumilie, asikate tamaa. Jibu halikuwa baya, lakini lilikuwa fupi mno kwa swali la mtu aliyejaribu kwa mwezi mzima. Nimelibeba swali lake tangu siku hiyo, na leo nataka kulijibu vizuri, kwa ajili yake na kwa ajili yako wewe uliyewahi kujaribu ukaacha.

Kanisa linatufundisha kwamba sala ina sura tatu. Ipo sala ya sauti, kama Baba Yetu na Rozari. Ipo tafakari, ambapo mtu anachukua Neno la Mungu, au tukio la maisha ya Yesu, akaliwaza mbele za Mungu mpaka liguse maisha yake. Na ipo taamuli, ambapo maneno yanakwisha na mtu anabaki tu na Bwana wake. Wengi wetu tunaifahamu vizuri ile ya kwanza. Ya pili tunawaachia masista na waseminari, kana kwamba Mungu aliwanyima wakulima na wauza mitumba uwezo wa kuwaza.

Sasa tazama ardhi yetu. Wazee wa Kondoa wanaukumbuka mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973. Ardhi ya Irangi ilikuwa imechakaa. Miti ilikuwa imekatwa, mifugo ilikuwa mingi, na kila mvua iliponyesha udongo ulikwenda na maji. Makorongo yalipanuka mwaka hadi mwaka na mito ikajaa mchanga. Watu walichimba makinga maji na kupanda miti, lakini kwato ziliendelea kukanyaga. Mwaka 1979 Serikali ikafanya uamuzi mgumu: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 1,256.

Uamuzi ule uliwaumiza watu. Familia zilikosa maziwa na samadi, na wengine walilazimika kuwapeleka ng'ombe wao mbali. Ilipita miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini. Lakini ardhi ilipopumzika, nyasi zilirudi. Baada ya nyasi vikaja vichaka, na baada ya vichaka miti. Mingi ya miti hiyo hakuna mtu aliyeipanda. Mizizi na mbegu zilikuwamo ardhini siku zote, zikingoja tu kuachwa bila kukanyagwa. Makorongo hayakufutika, yapo hadi leo. Ila ardhi ilipona kwa kiasi ambacho jembe peke yake lisingeweza.

Mungu alikuwa ameliagiza jambo hilo zamani. Katika Walawi sura ya 25 anawaamuru Waisraeli waiache ardhi ipumzike kila mwaka wa saba. Nami nasema, ndugu yangu, moyo wa mtu wa leo nao unakanyagwa na kwato nyingi. Unaamka na kabla ya ishara ya msalaba umeshika simu. Ujumbe wa kikundi cha harusi, ubishi wa mpira, mkopo wa kausha damu, habari ya msiba. Hata sala zetu nyingine ni kukanyaga tu: tunamimina maneno, tunasema amina, tunaondoka. Kutafakari kila siku ni kufunga zizi kwa robo saa ili udongo wa moyo upumzike.

Tunapata faida gani? Kwanza, Neno linapata mahali pa kukaa. Zaburi ya kwanza inamfananisha mtu anayeitafakari sheria ya Bwana na mti uliopandwa kandokando ya mito. Mwinjili Luka anatuambia (2:19) kwamba Mama Maria aliyaweka mambo yote moyoni akiyafikiri. Tunao pia mfano wa hapa nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma, alizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Jiulize mwenyewe: anayetafuta vina vya kila mstari anaweza kuipita aya mbio mbio? Ni lazima akae nayo.

Pili, mwili nao unapata nafuu. Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Herbert Benson, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi mtu anayetulia na kurudia neno moja kwa utaratibu anavyopunguza kasi ya mapigo ya moyo na ya kupumua. Siku hizi kuna hata programu za simu za kufundisha utulivu. Sisi hatukatai utulivu huo, ni zawadi. Lakini kwa Mkristo utulivu ni mlango tu. Mwaka 1989 Kanisa lilitoa barua maalumu kuhusu tafakari ya Kikristo, likatukumbusha kwamba sala ni maongezi kati ya mtu na Mungu. Tunaingia katika ukimya kwa sababu kuna Anayetusubiri humo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tunaanza kuwatendea wenzetu tofauti. Ukitaka kujua kama tafakari yako inazaa matunda, usijiulize ulijisikiaje kanisani. Waulize watoto wako unaongea nao vipi siku hizi.

Hizo ni faida. Sasa nikueleze gharama, maana nisipokueleza utaacha wiki ya pili.

Gharama ya kwanza ni mtawanyiko wa mawazo. Mt. Teresa wa Avila, Mwalimu wa Kanisa katika mambo ya sala, ameandika mwenyewe kwamba kwa miaka mingi alitamani saa ya sala iishe kuliko alivyotamani kubaki humo. Mt. Fransisko wa Sales alifundisha kwamba moyo ukitoroka urudishwe kwa upole, na ukitoroka tena urudishwe tena. Hata kama saa nzima imekwisha kwa kuurudisha tu, saa hiyo haikupotea. Nawe ukimfundisha ndama kukaa zizini, humpigi kila anapotoka. Unamrudisha.

Gharama ya pili ni usingizi. Seminarini tulikaa kwenye tafakari kabla ya jua kuchomoza, na nakiri kwamba asubuhi nyingi nilitafakari nikiwa nimefumba macho kwa sababu zisizo za kiroho. Mt. Teresia wa Mtoto Yesu naye alisinzia katika sala, akajifariji kwamba wazazi wanawapenda watoto wao hata wakiwa wamelala.

Gharama ya tatu ni ukavu. Unakaa siku, wiki, miezi, na hujisikii chochote. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo cha Mt. Mama Teresa wa Calcutta, barua zake zilichapishwa, dunia ikashangaa kusoma kwamba kwa miaka mingi hakuhisi uwepo wa Mungu katika sala. Hata hivyo aliendelea kusali, na aliendelea kuwaokota maskini barabarani.

Gharama ya nne ndiyo inayowakimbiza wengi: katika ukimya ukweli wako unakufikia. Hapa niruhusu niseme habari yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, nilimkaripia katekista mmoja mzee mbele ya waamini kwa sababu ya hesabu za michango. Hakujibu neno. Baada ya wiki mbili ikabainika kwamba kosa la hesabu lilikuwa la kwetu parokiani. Katekista alikuwa ameshaacha kazi, nami nikajiambia kwamba mambo yatatulia yenyewe.

Kwa miezi mingi, kila nilipokaa mbele ya Tabernakulo, uso wa mzee yule ulinijia. Nikauita mtawanyiko. Nikaufukuza kwa Rozari na kwa kusoma vitabu vizuri vya kiroho. Siku moja nikachoka kuufukuza, nikamuuliza Bwana: "Ni wewe unayemleta?" Sikusikia sauti yoyote. Ila nilijua mara moja kwamba ninatakiwa kwenda, na kwamba nilikuwa nimejua siku zote.

Nilikwenda kwa pikipiki. Alinikaribisha uji, tukakaa chini ya mti, nikamwomba msamaha. Alinisamehe kwa moyo wote. Lakini kwenye ukatekista hakurudi. Aliniambia, "Baba, nimekusamehe, ila watoto niliowafundisha waliniona ninavyoitwa mwizi. Siwezi tena kusimama mbele yao." Dominika iliyofuata niliomba msamaha mbele ya kigango kile kile. Hata hivyo, mzee hakurudi. Lile ni korongo langu, mpendwa, na lipo hadi leo. Ila udongo hauondoki tena kama zamani: sasa, kabla ya kumkaripia mtu, nauona ule uji.

Naomba hapa nitoe tahadhari mbili. Kama ukimya unakuamshia hofu kali au picha za mambo mabaya uliyotendewa, au kama huzuni inakunyima usingizi na hamu ya kuishi, usipambane peke yako chumbani. Mwone padre, na mwone daktari. Mungu anaponya kwa mikono ya wote wawili. Pili, tafakari isiwe mahali pa kukimbilia wajibu. Mt. Vinsenti wa Paulo aliwafundisha masista wake kwamba maskini akibisha hodi wakati wa sala, kumwacha Mungu ili kumhudumia yeye ni kumwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Mtoto akilia kwa njaa, inuka ukampikie.

Basi uanzeje? Chagua robo saa, na chagua saa ile ile kila siku. Marko (1:35) anatuambia Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pa faragha kusali. Hapa Kondoa adhana ya alfajiri hunikuta kitandani. Zamani niligeukia upande wa pili. Siku hizi nimeifanya kengele yangu: jirani yangu Mwislamu ameshatawadha, anatoka kwenye baridi kwenda kusali, je, mimi padre nibaki nimelala?

Simu iache chumba kingine. Fanya ishara ya msalaba, mwombe Roho Mtakatifu, kisha soma polepole Injili ya siku hiyo, mara mbili. Chukua neno moja lililokugusa, kaa nalo. Mawazo yakitoroka, yarudishe kwenye neno hilo. Mwishoni mwambie Bwana unachotaka kumwambia, ukaondoke na azimio moja dogo la siku hiyo. Kama hujui kusoma, chukua kituo kimoja cha Njia ya Msalaba. Mt. Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa Wapasionisti ambao mapadre wao walifanya kazi ya umisionari huku Dodoma tangu miaka ya 1930, aliwafundisha watu wa kawaida wa vijijini kuyatafakari Mateso ya Bwana.

Nanyi akina baba, nina neno kwenu. Mama wa nyumba hana robo saa kwa sababu ana maji ya kuchota, moto wa kuwasha na watoto wa kuandaa kwenda shule. Shika mtoto, washa moto, mpe mwenzako robo saa hiyo. Nayo itakuwa sala yako.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa kigangoni. Mama, kama unasoma hapa, au kuna anayekusomea, nisamehe kwa jibu langu la haraka. Hukukosea popote. Umefunga zizi mwezi mmoja tu, na kitu cha kwanza kinachoonekana ardhi inapofungwa ni makorongo yenyewe. Deni la ada likija, usilifukuze. Lishike mikononi mbele za Bwana, umwambie kiasi chake, kisha umwombe busara ya hatua moja ya kuchukua leo. Na maneno ya wifi yako yakija kwa mara ya ishirini, muulize Bwana kama ni mtawanyiko, au kama ni yeye anayemleta. Mimi ilinichukua miezi mingi kuuliza swali hilo, na nilichelewa.

Nakutakia Dominika njema. Mungu akubariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.