Kukoroma Sana Si Kulala Vizuri

Katika vikundi tunavyotembelea hakosekani mwanachama anayesinzia mkutanoni. Katibu hajamaliza kusoma kumbukumbu, tayari kidevu kiko kifuani. Watu wanacheka, na vikundi vingine humtoza faini. Tunasema ni mvivu, au jana alipitia kwa pombe. Lakini mkewe akiulizwa husema: "Huyu hulala mapema, tena anakoroma mpaka watoto wanaamka." Sasa, mtu aliyelala usiku kucha anasinziaje mchana?

Ni nini hutokea?

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mpaka njia ya hewa inaziba, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Kukoroma kunakatika ghafla, kimya! Baada ya sekunde 10, 20 au hata zaidi, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo tu. Anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, halafu anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huuita ugonjwa huu apnia ya usingizi, yaani kukatika pumzi usingizini. Mtu mwenye dalili ambaye pumzi yake hukatika mara 5 au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa mgonjwa. Wale walio na hali mbaya hufika mara 30 na kupita, kila saa. Huyo alikuwa kitandani, lakini hakupumzika.

Madhara yake

Kila ubongo unaposhtuka, moyo hupiga mbio na presha hupanda. Hali hii ikiendelea kwa miaka, mtu anaweza kupata presha isiyosikia dawa, ugonjwa wa moyo au kiharusi. Mara nyingi huandamana pia na ugonjwa wa sukari. Na kuna hatari ya karibu zaidi: dereva wa matatu, mtu wa bodaboda au anayesimamia mashine ya kusaga akisinzia sekunde chache tu, ni maafa.

Dalili za kuangalia

- Kukoroma kwa nguvu, kunakokatika na kuanza tena kwa kishindo.
- Kuamka na kichwa kinauma au mdomo umekauka.
- Kuamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo.
- Kusinzia mchana, kusahau, na kukasirika upesi.

Wanene na wenye shingo nene hupatwa zaidi, na wanaume kuliko wanawake. Akina mama waliokoma hedhi nao wasijisahau. Hata mwembamba anaweza kuupata kwa sababu ya umbo la taya lake. Kwa watoto, sababu kubwa ni mafindofindo yaliyovimba. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekojoa kitandani na asiyetulia darasani asichapwe, apelekwe hospitali.

Tuseme pia kwamba si kila anayekoroma ni mgonjwa, wala si kila anayesinzia ana ugonjwa huu. Upungufu wa damu na kazi nyingi pia huleta usingizi. Ndiyo maana ni lazima mtu apimwe.

Tufanye nini?

Kwanza, anayelala karibu naye ndiye shahidi. Asikilize usiku mbili tatu, ahesabu pumzi inakatika mara ngapi, kisha waende pamoja kwa daktari.

Pili, waanzie zahanati, apimwe presha na sukari, na waombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Kipimo chenyewe cha usingizi kinapatikana katika hospitali chache, na si rahisi. Iko mashine ya kusukuma hewa puani usiku ili koo lisizibe, iliyobuniwa Australia. Inasaidia sana, ila ni ghali na inahitaji stima.

Tatu, yako mambo yasiyohitaji pesa. Alale kwa ubavu, si chali. Apunguze uzito. Aache pombe, maana hulegeza koo zaidi, na aache sigara. Asimeze vidonge vya usingizi bila ushauri wa daktari. Asiendeshe gari akiwa na usingizi. Na akienda kupasuliwa kwa ugonjwa wowote, amwambie daktari mapema kwamba pumzi yake hukatika.

Neno letu kwa vikundi

Tuliungana ili tubebeane mizigo. Kabla ya kumtoza mwenzetu faini ya kusinzia, tumwulize analalaje. Pengine nauli ya kumfikisha hospitali ni kidogo kuliko mchango wa mazishi.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika kikundi chetu yuko tunayemwita mvivu ambaye huenda ni mgonjwa?
2. Ni nani atakayemwambia, na kwa njia gani asiaibike?
3. Sanduku la kikundi linaweza kumsaidiaje?