Kisima Kipya Kwenye Mwamba Uliochoka

Chini ya Mwanza hakuna mafuta, asikudanganye mtu. Mawe ya Bismarck na kilima cha Bugando ni itale iliyoganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, isiyo na vinyweleo vya kuhifadhi mafuta wala gesi. Hata hivyo taa za Mwanza zimeungwa kwenye gridi ya taifa, na sehemu ya umeme wa gridi hiyo huzalishwa kwa gesi ya kusini, ikiwamo ya Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004.

Gesi ikitolewa miaka mingi, mgandamizo ndani ya mwamba hushuka. Ndiyo maana Songo Songo ikafungiwa mitambo ya kukandamiza gesi ili iendelee kwenda bombani. Wengi hudhani kuongeza kisima mahali pa namna hiyo ni kazi nyepesi, maana gesi ilishaonekana. Mchorongaji hadhani hivyo.

Kisima huchorongwa kikiwa kimejaa tope maalumu. Uzito wake huzuia gesi isifumke na kuta zisibomoke. Sasa piga hesabu: maji matupu, kwenye kina cha mita 2,000, hukandamiza kwa baa 200 hivi (baa ni kipimo cha mgandamizo). Kama mgandamizo wa mwamba umeshuka hadi baa 100, hata maji yamekuwa mazito mno! Tope hupenya mwambani na kupotea. Mwamba wenyewe nao, ukipungukiwa na mgandamizo wa ndani, hupasuka kwa urahisi kuliko zamani.

Bomba la kuchorongea nalo hunasa. Tofauti ya baa 100 ni nguvu ya tani zipatazo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bomba likigusa ukuta hubanwa hapo, kama gugu maji kwenye chujio la pampu ya ziwani.

Basi si upunguze uzito wa tope? Hapo ndipo penye kitendawili. Juu ya mwamba uliochoka, yaani ulioshuka mgandamizo, mara nyingi pana tabaka la mfinyanzi ambalo mgandamizo wake haujashuka. Tope jepesi, mfinyanzi unabomoka. Tope zito, mwamba wa chini unapasuka. Tope likipotea sana, kimo chake kisimani hushuka, na gesi ya tabaka jingine hupata njia ya kufumka.

Dawa zipo: kukinga tabaka la juu kwa bomba la chuma na saruji kabla ya kuendelea, kuziba nyufa kwa unga wa mawe ya chokaa, au kutumia tope la povu. Zote ni ghali.

Nchini Uganda mambo yamepangwa mapema. Mradi wa mafuta wa Tilenga, ambao mafuta yake yamepangwa kupita bombani Kagera na Geita kwenda Tanga, umebuniwa kurudisha maji ardhini ili mgandamizo usiporomoke.

Kwa hiyo ukisikia kisima kipya kinachorongwa kwenye kitalu cha zamani, usiulize tu gesi imebaki kiasi gani. Uliza mgandamizo wa leo ni baa ngapi.